Mikono Haikuwa Yake

Wewe unayesoma hapa, umeshaliona shuka jeupe la hotelini, kama si kwa macho yako basi kwenye televisheni. Ulilitazama shuka ukapita. Hukuuliza limerudije kuwa jeupe baada ya watu kulimwagia chai, mafuta na damu. Ungeuliza, ungeambiwa kuna mwanamke amelisugua, na pengine ungeulizwa kama unataka kuiona mikono yake. Ndiyo maana hukuuliza. Basi leo utaiona, na usigeuze uso.

Kila siku ya shule, saa kumi kasorobo, msichana mmoja wa darasa la sita alipita kwenye geti la kiwanda cha kufulia, akamwamkia mlinzi, akaenda kukaa juu ya furushi la taulo karibu na mama yake. Wanawake wa pale walimwita Redio, kwa sababu alianza kusema akiwa na mwaka mmoja na hajanyamaza mpaka leo. Akifika kimya, hakosi mtu wa kumchokoza: "Vipi mwenzetu, betri zimeisha?" Hapo huanza kuwasimulia ya shuleni huku akiandika kazi zake, nao hucheka bila kuinua macho, maana kuinua macho ni kuchelewa, na kuchelewa ni kufokewa.

Mama yake alifanya kazi kwenye pipa la madoa, pamoja na mama mdogo wa Redio na wanawake wengine wanne. Kabla shuka halijaingia kwenye mashine, wao hulichovya kwenye maji yenye dawa kali, hulitafuta doa kwa vidole, na kulisugua mpaka litoke. Dawa ile haikujua kuchagua. Ilikula doa, ikala na ngozi. Mama mdogo alikuwa amesimama pale miaka tisa, na katikati ya vidole vyake kulikuwa na nyufa zilizofunguka upya kila asubuhi. Hata hivyo, kila Jumapili alimweka Redio kati ya magoti yake akamsuka mistari myembamba iliyonyooka, akilalamika kwamba kichwa hiki kimoja kina nywele za watu watatu.

Mwezi mmoja aliletwa meneja mpya kutoka ng'ambo. Hakuwa mkali. Alisalimia watu kwa kichwa, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante". Msimamizi aliyekuwa akimtafsiria alihamishiwa tawi jingine. Wale sita wa pipa walikuwa wamekubaliana kuomba glavu ndefu za mpira, zile zinazofika kwenye kiwiko. Sasa nani ataliwasilisha ombi hilo kwa Kiingereza? Wakatazamana, kisha wote wakamgeukia aliyekaa juu ya taulo.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewafundisha Redio na wenzake namna ya kukubali kwamba mwenzako ana hoja. Aliandika ubaoni "Fair enough", akaandika "You've got a point", akaandika "I can't argue with that". Akaeleza kwamba ndivyo nasi tunavyosema hapo sawa, hapo umenena, kwa hilo sina la kusema. Akawapanga wawili wawili wabishane, mmoja akubali kushindwa kwa adabu. Msichana wa dawati la nyuma aliuliza, je, mtu akitaka kukataa asemeje? Mwalimu akafunua kitabu, akasema hilo liko mbele, watalifikia muhula ujao. Redio alishindwa kwa adabu kuliko wote. Darasa likampigia makofi, na mwalimu akasema mtoto huyu atapendwa na kila atakayezungumza naye.

Siku ya kwenda ofisini, mama alimkaririsha maneno mara mbili, kisha akaifuta mikono kwenye aproni wakaingia. Meneja alimpa Redio kiti. Mama alisimama nyuma yake.

"Mwambie hatuombi zawadi," mama alisema. "Tunaomba mikono yetu."

Redio alisema yote, na alisema vizuri. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu taratibu. Glavu huchanika. Glavu humfanya mtu asilihisi doa, kazi ikachelewa. Dawa yenyewe ni kidogo kwenye maji mengi. Kote alikofanya kazi, watu walitumia mikono mitupu na hawakufa. Kisha akaegemea kiti, akamtazama Redio kama anavyotazamwa mtu mzima, akamuuliza kama haoni kwamba hayo yana mantiki.

Angeweza kugeuka amuulize mama. Mama alikuwa hatua moja nyuma yake. Lakini lile jibu lilikuwa tayari mdomoni, limesuguliwa, linang'aa.

"Fair enough," Redio alisema. "You've got a point."

Meneja akatabasamu, akaisifu lafudhi yake, akampa mkono. Mama, aliyeona tabasamu na mkono, alitabasamu pia.

Kwenye ukumbi mama akauliza meneja amesemaje. Ni hapo Redio alipotambua alichokifanya, na badala ya kurudi ndani, aliongeza kosa la pili juu ya la kwanza. "Amesema amewaelewa. Atalishughulikia."

Kwenye pipa walimpokea kwa vigelegele. Ijumaa ile akaja mkaguzi wa usalama kazini, anayefika mara moja kwa mwaka na daftari lake. Kwa wiki mbili wanawake walikuwa wamepanga kumwonyesha mikono. Sasa waliona si uungwana kumshitaki mtu aliyekwisha kukubali. Mkaguzi alipouliza kama kuna tatizo, mama akamjibu kwamba lilikuwepo lakini meneja analimaliza. Mkaguzi akaandika, akafunga daftari, akaenda zake.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Wanawake walipomuuliza Redio, alisema labda glavu ziko njiani. Alianza kukaa mbali na pipa, akisingizia harufu. Wiki ya tatu mama mdogo aliamka na mkono wa kulia umevimba mpaka kwenye kifundo. Kwenye zahanati muuguzi alimsafisha, akamfunga bandeji, akamwambia usaha umefika mbali. Mkono utapona, lakini vidole viwili vya mwisho havitakunjika tena kama zamani.

Jumapili iliyofuata mama mdogo alimwita Redio kama kawaida, akamweka kati ya magoti. Alishika kitana, akagawa nywele, akajaribu kusuka. Mstari ukaenda upande. Akaufumua, akaanza tena. Mara ya tatu akakiweka kitana chini, akasema kwa sauti ya mzaha ambayo haikufika mwisho, "Nenda kwa msusi, mwanangu. Fundi wako amestaafu."

Redio alilia pale pale, akasema yote: alichojibu meneja, alichomjibu yeye, na uongo wa ukumbini. Mama alikuwa mlangoni na beseni mkononi. Hakumpiga wala hakumfokea. Aliliweka beseni chini, akakaa juu ya kizingiti, akampa mgongo. Hilo Redio angelibadilisha na kofi kwa furaha.

Kesho yake mama alimpeleka kwenye pipa ayarudie mbele ya wote. Mpiga pasi mmoja alisema kumbe redio hii inatunga habari zake yenyewe, na hakuna aliyecheka. Halafu wote wakavua aproni, wakamfuata mama mpaka ofisini, mama mdogo mbele na bandeji yake.

Redio hakuwa na maneno ya kukataa, kwa kuwa hakufundishwa. Akayatengeneza mwenyewe, yakatoka yamevunjikavunjika. "Siku ile nilisema una hoja," alimwambia meneja kwa Kiingereza. "Hawa hawakusema hivyo. Nilisema mimi, ili unipende. Wao wanasema hapana."

Meneja alisema, lakini mlikubali. Redio akalitafsiri hilo bila kupunguza neno. Mama mdogo akaufungua mkono wake polepole, akauweka juu ya meza, juu ya karatasi za meneja. Mama akasema hakuna mkono utakaoingia kwenye pipa mpaka glavu zije, na mkaguzi ataitwa leo. Redio akalitafsiri na hilo. Safari hii meneja hakuuliza kama yana mantiki.

Walikaa kwenye mafurushi ya taulo siku mbili, mashuka machafu yakirundikana mpaka dirishani. Siku ya tatu likaja boksi la glavu ndefu, jozi mbili kwa kila mtu. Mama mdogo akapewa kazi ya kuhesabu mataulo, na vidole vyake viwili vimesimama hivyo hivyo hadi leo.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Redio aliapa kwamba hatamkubalia tena mtu yeyote. Mama akasimama.

"Hapana. Hujaelewa," alisema. "Mtu akiwa na hoja, mkubalie, hata kama hayo maneno yanakukwama kooni. Mimi mwenyewe nimeshawakubalia wengi. Lakini kubali kwa kilicho chako. Ulimpa yule bwana vidole vya mdogo wangu, na hukumuuliza mwenye vidole. Ukisimama kumsemea mtu, geuka umuulize. Na ukikosea, rudi siku ileile. Siku ileile, mwanangu. Wiki tatu ndizo zilizomla mkono."

Redio alisema amesikia.

Na wewe? Usinikunjie uso, unajua ninachokisema. Kuna mahali ulisema "sawa tu" kwa niaba ya mwenzako, ili mkubwa fulani akuone una adabu. Kiranja, uliwakubalia walimu jambo ambalo darasa halikulikubali. Kaka mkubwa, uliwajibia wadogo zako bila kuwauliza. Mwenzako huyo bado anasubiri, akidhani jambo lake linashughulikiwa. Usingoje kumaliza muhula. Funga kitabu hiki, inuka, mtafute, umwambie ulichosema. Kisha mrudi wote wawili mkaseme hapana. Nenda sasa hivi.