Msumari Mtupu Ukutani

Harlan Oakes alilala kifudifudi juu ya majani makavu ya mwaloni, chini kidogo ya kambi yake ya uwindaji. Katikati ya mabega palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba. Koti lake la rangi ya machungwa lilionekana tangu barabarani. Hakuna ambaye angemdhania kulungu.

Inspekta Arletta Crum alimtazama, kisha akawageukia wawindaji wawili waliobaki. Denzil, mume wa binti wa marehemu, alikuwa ameshatiwa pingu na askari wa zamu. Lowell Skaggs alikuwa akinywa kahawa.

"Mtu wenu huyo hapo," Lowell alisema. "Jana yeye na Harlan walitukanana mezani mpaka nyama ikapoa."

"Tuligombania shamba tu, afande," Denzil alisema. "Sikumuua. Mke wangu atanitazamaje?"

"Kupitia nondo," Lowell akajibu, akacheka peke yake.

Daktari wa polisi alitoa mwilini goroli ya madini ya risasi, iliyoyeyushwa na kumiminwa kwa mkono.

"Haya, ipelekeni maabara," Lowell alisema. "Mtutu wa shotigani ni laini, hauachi mikwaruzo ya kutambua bunduki. Mtaambiwa nini? Upepo!"

Arletta alipanda mteremko mpaka penye kisiki, mahali pekee ambapo mtu angeweza kumwona Harlan bila kuonekana. Mbele ya kisiki, chini ya majani, aliokota kipande cha kitambaa cha duara kilichoungua kingo, chenye mirabaraba ya kijani na nyeusi. Akakitia katika mfuko wa ushahidi na kurudi kambini.

"Bwana Skaggs, nisaidie," alisema kwa upole. "Kwani risasi hamnunui dukani?"

Lowell alimtazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia kanisani.

"Dukani! Denzil ndiye wa dukani, ndiyo maana kila mwaka anakula maharage. Mwanamume anayeyusha risasi yake, anaimimina kwenye kalibu yake, anashindilia mwenyewe. Sogea uone, mama. Hii si kazi ya kufuma soksi."

Alitoa risasi mkobani, akalipasua ganda lake kwa kisu.

"Baruti. Kizibo cha sufu. Halafu goroli yenyewe. Ni ndogo kuliko mtutu, sasa usipoivisha nguo itayumba. Umeona? Kama mtoto mchanga."

Goroli ilikuwa imevishwa mirabaraba ya kijani na nyeusi.

"Nguo nzuri," Arletta alisema. "Umeitoa wapi?"

Kisu kikasita hewani.

Arletta aliinua macho ukutani. Kambi ile ilikuwa na desturi yake: anayemkosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati, likapigiliwa msumari juu ya jina lake. Matambaa yalining'inia safu nzima. Juu ya jina la Lowell palikuwa na msumari mtupu.

"Langu lililiwa na panya," Lowell alisema.

"Panya mwenye mkasi?" Akauweka mfuko wa ushahidi mezani, kando ya goroli.

Lowell alivitazama vile vitambaa viwili. Mashavu yakamlegea.

"Kulungu alikuwa karibu kama mlango ule," alisema. "Nikamkosa. Harlan akanikata shati huku anaimba. Mwaka mzima, kwa kinyozi, kanisani: 'Lowell, mgongo hauingii baridi?' Nikataka kitambaa kile kimrudie mwenyewe. Mgongoni. Baada ya kufyatua nilikitafuta kwenye majani, nikakikosa."

"Na Denzil?"

"Denzil ni bwege. Mabwege wana kazi yao."

Arletta alimtazama kwa dharau asiyojali kuificha. "Miaka yote umejua kupima baruti, bwana Skaggs. Kicheko kikakushinda kupima."

Pingu zikahama mikono.

Denzil alisugua vifundo vya mikono, akauendea ukuta. "Afande, haya mengine ni ushahidi?"

"Msumari ule tu."

Aling'oa tambaa lake mwenyewe, akalitupa jikoni kwenye moto. Akaendelea na mengine, moja moja, mpaka akafika la kwanza kabisa, lililopauka kuliko yote. Chini yake palikuwa na jina la Harlan Oakes.

Lowell, mlangoni na askari, aligeuka akaliona. Alikuwa amelipita kila msimu bila kulisoma.

Hilo Denzil hakulichoma. Alilikunja, akalitia mfukoni ampelekee mkewe.