Mama Mpishi Mbele ya Kamera

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Chiriku alipitia kwenye mlango wa jiko la shule kumwamkia Mama Mpishi. Jina la Chiriku alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Mama Mpishi naye hakuwa nyuma kwa maneno.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba! Umeshaanza kelele? Hata maharage yangu bado hayajachemka!"

Wote wawili walicheka, kisha Chiriku akakimbilia darasani.

Muhula huo Mama Mpishi alikuwa anastaafu. Chama cha filamu cha shule kiliamua kumtengenezea video fupi ya shukrani, ionyeshwe Ijumaa kwenye sherehe ya kumuaga. Mwalimu mlezi wa chama alimkabidhi Chiriku kamera. Chiriku alifurahi hadi akakosa la kusema, jambo ambalo darasa lake lilikuwa halijawahi kulishuhudia.

"Nataka ukumbi mzima ulie," aliwaambia wenzake alipopata sauti tena.

Siku ya kurekodi, Mama Mpishi alimpokea akiwa amevaa aproni mpya ya buluu, imepigwa pasi ikanyooka. Chiriku akamwomba aivue, avae ile kuukuu iliyochanika mfukoni. Kisha akapanda juu ya kreti, akamrekodi kutoka juu akiwa ameinamia sufuria, uso umefunikwa na mvuke. Akaisogeza kamera karibu na visigino vyake vilivyopasuka. Watoto waliopanga foleni na sahani zao, wakimtania mpishi na kutaniwa, aliwaacha nje ya fremu. Walikuwa wanacheka mno, wangeharibu huzuni aliyoitaka.

Jumatano wanachama wote walikusanyika darasani kuitazama kwenye kompyuta ya mwalimu. Mambo yalikwenda kama Chiriku alivyotaka. Msichana wa dawati la mbele akaanza kufuta machozi. "Maskini Mama Mpishi," akanong'ona, "kumbe anateseka hivi!"

Hakuna aliyemwona Mama Mpishi mwenyewe amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kumletea mwalimu ufunguo wa ghala. Aliiangalia skrini mpaka video ikaisha.

"Ile aproni mpya," alisema taratibu, "nilidhani mnataka niitunze kwa ajili ya sherehe." Akauweka ufunguo mezani. "Kama hivi ndivyo mnavyoniona, basi Ijumaa msinisubiri. Nitaaga kwa kupunga mkono getini, inatosha."

Akaondoka. Chiriku hakujua pa kuuweka uso wake.

Jioni hiyo alikwenda studio kwa mjomba wake, mpiga picha wa harusi, mtu wa mzaha kupita kiasi. Akamweleza yote kwa sauti ya kilio, akamwonyesha video kwenye kamera. Mjomba akazima sauti ya video, akaitazama yote.

"Huyu mama ana shida gani?" aliuliza mwishoni, kana kwamba hakuambiwa kitu.

"Hana shida, mjomba. Ni mpishi wetu. Tulitaka kumshukuru."

"Mimi shukrani sijaiona hapa. Nimeona mtu wa kuchangiwa."

Akachukua kamera, akapanda juu ya stuli na kumpiga Chiriku picha. Kisha akapiga goti sakafuni, akampiga nyingine. Katika ya kwanza Chiriku alionekana kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari. Katika ya pili mtu angedhani ni mwalimu mkuu. Chiriku akacheka ingawa macho yake bado yalikuwa na machozi.

"Mtoto ni yule yule, nguo ni zile zile," mjomba alisema. "Nilichobadilisha ni mahali niliposimama mimi. Ukimtazama mtu kutoka juu, anayeangalia picha naye anakuwa juu yake."

"Lakini vile visigino ni vyake kweli, mjomba. Sikuvitunga."

"Ni vyake. Ila umevijaza skrini nzima, mtazamaji akadhani ndiyo habari yote. Na ulichokiacha nje ya fremu, yeye atakijuaje? Halafu aproni umembadilisha wewe. Hapo umetia chumvi, mwanangu, na chakula chenyewe si chako." Akakaa karibu naye. "Haya, niambie. Huyu mama amewahi kukufanyia nini?"

Chiriku akainamisha kichwa. Mwaka uliopita, mama yake alipolazwa hospitali, alikuwa akija shuleni bila kula kitu. Mama Mpishi aligundua bila kuambiwa. Kila asubuhi alimwita nyuma ya jiko na kumpa sahani iliyofunikwa, huku akisema, "Kimebaki cha jana, nisaidie kukimaliza nisije nikakimwaga." Chakula kilikuwa cha moto, kimepikwa muda huo huo. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kujua kwamba Chiriku alikuwa na njaa.

"Yeye aliificha shida yangu," Chiriku alisema, na sasa alilia kweli. "Mimi nimemtafutia shida ili niionyeshe kwa watu."

Asubuhi iliyofuata alipiga moyo konde, akaenda jikoni.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Nilikuvua aproni yako, nikawaacha watoto wako nje ya picha. Nilitaka watu walie."

"Walie kwani nimekufa?" Mama Mpishi aliuliza, upawa mkononi. "Tangu lini Chiriku ukaomba radhi kwa maneno machache hivyo? Basi lazima ni kweli. Ngoja nikavae aproni yangu."

Mara hii Chiriku alipiga goti kwenye sakafu ya jiko. Mvuke ulikuwepo, na jasho pia, maana ile ilikuwa kazi kweli. Lakini uso wa Mama Mpishi ulionekana wazi, akionja mchuzi, akikunja kipaji cha uso, akiridhika. Chiriku akarudi nyuma kidogo kidogo mpaka foleni nzima ya watoto ikaingia kwenye fremu. Mpishi alikuwa katikati yao, akimwongezea mmoja na kumkaripia mwingine aliyekuja bila kunawa mikono.

Ijumaa Mama Mpishi alikuja, akaketi mstari wa mbele. Video ilipoonyeshwa, watu hawakulia. Walicheka, wakapiga makofi, na baadhi ya wazazi waliokula mkononi mwake walipokuwa watoto wakasimama kwa heshima.

Mwalimu mlezi akasema, "Wanafunzi wangu, kamera husema kupitia mahali tunapoisimamisha, tunachokiingiza na tunachokiacha. Ukitaka kumshukuru mtu, mwonyeshe kwa ukweli na kwa heshima. Huruma aliyokutungia mwingine ni mzigo, si zawadi."

Wakamwomba Mama Mpishi atoe neno la kuaga. Akasimama, akafuta macho kwa ncha ya aproni ya buluu, akamgeukia Chiriku.

"Hotuba baadaye," alisema. "Mjukuu wangu amechelewa, ndiyo kwanza anaingia pale mlangoni. Irudishe mwanzo, mwanangu, naye aone bibi yake alikuwa anafanya kazi gani."