Watoto wa Kwenye Vichupa

Empar alikwenda soko kuu la Valencia kufuata samaki, si mchumba. Lakini alipopita kwenye meza ya machungwa, akageuza jani moja lililobaki kwenye tunda, akaguna.

"Kaka, mti wako una virusi."

Muuzaji, kijana mrefu mwenye shati lililopauka kwa jua, akacheka. "Kumbe majani nayo yana daktari!"

"Yanaye. Niletee machipukizi maabara."

Aliitwa Ximo. Mchungwa ule aliuacha marehemu baba yake, na utamu wake haukupatikana kwingine. Empar akakata ncha za machipukizi, ndogo kama punje za chumvi, mahali virusi visipofika, akazipandikiza kwenye miche ndani ya vichupa. Mapenzi nayo yakashika.

Siku moja, vichupa vikiwa wazi, simu ikalia. Empar akaipokea palepale, akaviinamia akicheka na mpenzi wake. Pumzi yake ikaingiza vijidudu, na baada ya siku chache ukungu ukaua machipukizi yote.

"Watoto wetu hawajambo, roho yangu?" Ximo akauliza.

"Wananawiri," akajibu, moyo ukimsuta. Alipanga kwenda Jumamosi kukata machipukizi mengine kimyakimya.

Ijumaa Ximo akapiga. "Ule mti mgonjwa nimeukata nikauchoma, usije ukaambukiza ya majirani. Si watoto tunao?"

Empar akamkimbilia shambani na koti lake jeupe la kazini. Majivu yalikuwa bado ya moto.

"Ximo, hakuna watoto. Niliwaua mimi, nikiongea na wewe kwa simu huku nimeviinamia vichupa. Kisha nikakudanganya."

"Ungeniambia jana tu, Empar. Jana mti ulikuwepo."

Akamgeuzia mgongo. Michungwa ikachanua jiji zima, na Empar akawa anafunga madirisha, maana harufu ile ilimliza.

Jioni moja mlango ukagongwa. Ximo alishika kijiti kilichofungwa kitambaa kibichi.

"Mama kaniambia leo. Baba alipokuwa akimchumbia, alipandikiza tawi la mti wake kwenye mchungwa mchungu wa barabarani, chini ya roshani yao. Bado linazaa."

"Na virusi?"

"Vimo. Hiyo kazi yako. Hasira ninayo bado. Ila machungwa haya nayataka kwenye harusi yetu."

Empar akanyoosha mkono huku akilia. Ximo akakivuta kijiti nyuma.

"Kwanza nipe simu yako."

Akampa.