Mahakimu Watatu wa Tonny

Kila asubuhi, saa kumi na mbili, shule yetu ya bweni pale Nkoma, mjini Mbale, hukimbia. Tunatoka getini, tunapanda hadi barabara ya lami na kurudi, viranja wakitufuata na filimbi zao. Mimi, Docus wa darasa la sita, nilipenda mbio hizo. Rafiki yangu Juwairiya naye alizipenda, isipokuwa zile siku zake za mwezi, ambazo humshika vibaya hadi ashindwe kusimama wima.

Hilo halikuwa tatizo. Kabla hata sisi hatujaanza shule, korti ya wanafunzi, yaani wale mahakimu watano wanaoamua kesi za sheria za shule, ilisema msichana aliye katika siku zake abaki bwenini bila kuulizwa. Tuliizoea haki hiyo kama uji wa asubuhi. Hakuna aliyefikiri ingeweza kuondolewa.

Uchaguzi wa kiranja mkuu ulipofika, Dorothy wa darasa la saba, mmoja wa wagombea, alituzungumzia korti. Mahakimu watatu wamemaliza shule, alisema, na kiranja mkuu ndiye atakayeteua wapya. Tukapiga miayo. Kisha Tonny, mpinzani wake wa darasa lilelile, akasimama na kuahidi safari ya Jinja, kuona mto Nile unapotoka ziwani. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka moto.

"Umesikia Tonny alivyosema kuhusu wasichana wavivu wanaobaki bwenini?" Juwairiya aliniuliza.

"Wacha siasa zako," nikamjibu. "Sisi tunakwenda Jinja."

Tonny alishinda, na kura yangu imo.

Wiki ileile aliteua mahakimu watatu, marafiki zake wa mpira kutoka darasa la tano. Hakimu hubaki kortini hadi amalize darasa la saba, kwa hiyo tungekuwa nao miaka karibu mitatu. Haukupita mwezi, kesi ya mbio ikaletwa. Kwa kura tatu dhidi ya mbili, uamuzi wa zamani ukafutwa. Tangu siku hiyo, kila kiranja wa bweni angeamua mwenyewe.

Kiranja wetu, Racheal, alituacha tupumzike. Kiranja wa bweni la Juwairiya, Aber, alisema maumivu hayo ni visingizio. Basi wasichana wa Aber wakaanza kuvuka ua alfajiri na kujificha chini ya mablanketi yetu. Aber akaweka daftari mlangoni, akawa anaandika nani ametoka na saa ngapi. Tukaanza kunong'ona. Tukaogopa hata kuanika vitambaa vyetu vya hedhi kambani, visije vikatutaja.

Juwairiya aliandikwa siku ya Jumatano. Alhamisi alikimbia, amejishika tumbo, na filimbi ya Aber ilikuwa sikioni mwake. Alipofika kwenye lami alianguka kifudifudi, paji la uso likapasuka.

Afande Ojok, mlinzi wa geti letu na mwanajeshi mstaafu, alimbeba hadi kwa metroni. Aliporudi alinikuta nalia kando ya kibanda chake.

"Afande, ni mimi nimemfanyia hivi."

"Wewe nasukuma yeye?"

"Hapana. Nilimchagua Tonny."

Hakucheka. Aliongeza sauti ya redio yake ndogo. Mtangazaji alikuwa akieleza habari za Marekani: kwamba mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya huko ilifuta uamuzi wa karibu miaka hamsini, ulioilinda haki ya mwanamke kutoa mimba nchini kote, na sasa kila jimbo lina sheria yake. Majaji watatu kati ya waliofuta waliteuliwa na rais mmoja, katika miaka minne tu.

"Nasikia?" Afande aliuliza. "Watu nachagua rais, nafikiri bei ya mafuta, nafikiri kazi. Rais naleta majaji yake. Yeye naenda nyumbani, majaji nabaki mpaka nakufa. Kule kuna watu nafurahi, kuna watu nalia. Lakini ile kitu natoka kwa kura."

"Sasa tufanye nini?"

"Sheria ya shule yenu nasema nini?"

Nikaona aibu. Sikuwahi kuisoma. Dorothy ndiye aliyeijua: tukikusanya majina mia mbili, shule nzima hupiga kura, na korti haiwezi kuyafuta matokeo. Tulizunguka mabweni yote siku tisa, hata ya wavulana. Wengine walitufukuza. Kura zilipohesabiwa tulishinda kwa kumi na moja tu, na haki yetu ikarudi.

Na Jinja tulikwenda, maana Tonny alitimiza ahadi yake. Juwairiya alikaa karibu nami ukingoni mwa mto, kovu lake bado jekundu. Mbele yetu walisimama wale mahakimu watatu. Mmoja aligeuka, akatutazama, kisha akawanong'oneza wenzake.

"Novemba Tonny namaliza shule," alisema Afande Ojok, aliyekuja kutulinda. "Hawa nabaki. Docus, siku ingine mtu nakuomba kura, uliza yeye nakuja na nani."

"Ndiyo, Afande."

Nile ilikuwa nzuri kama tulivyoahidiwa. Niliitazama muda mrefu, nimeushika mkono wa Juwairiya, na sikuifurahia.