Zuia Spika Kuingia Nyumbani

"Zuia spika kuingia nyumbani."

Maneno manne ya mkuu wake, kisha simu ya upepo ikakatika.

Sindano, jasusi asiyejua kusubiri, aliikanyaga gia ya pikipiki yake ya Yamaha na kulipita lori kwa upenyo wa kiganja. Mbele lilikuwa gari jeusi la Spika wa Bunge. Akalikatia njia mbele ya geti la nyumba yake.

Breki zililia.

"Mzee, huingii ndani. Ni amri."

"Kwangu?" Spika alishusha kioo. "Binti, wajumbe wa nchi jirani wananisubiri sebuleni. Tusipoelewana leo, majeshi yanarudi mpakani."

Simu yake ikaita. Sauti ya mkewe ilimwagika hadi barabarani.

"Baba watoto, uko wapi? Fundi kashafunga spika. Jikoni, chumbani, sebuleni, zote zinaimba wimbo mmoja bila waya. Nilichagua tatu, muuzaji akanibembeleza nikachukua na ya nne bure. Nimeiweka sebuleni pia, kwa wageni."

Sindano akaachia usukani. Akabonyeza simu ya upepo.

"Mkuu, spika wa Bunge au spika ya muziki?"



"Ya muziki. Ina kinasa sauti. Nilidhani inaeleweka."

"Ungesema *isiingie*, mkuu. Mimi nimemsimamisha mzee wa watu."

Alisema hayo akikimbia.

Sebuleni muziki ulikuwa unalia kwa sauti ya chini. Wajumbe walikuwa wamenuna. Bila mwenyeji wao, hakuna aliyekuwa amegusa habari za mpaka. Fundi alikuwa bado juu ya ngazi, akifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Spika mbili ukutani. Zimefanana kama mapacha.

Ipi?

Sindano alichomoa ruta ya intaneti.

Muziki ukakatika nyumba nzima. Spika ya kwanza ikawaka taa nyekundu. Ya pili ikabaki kijani, imetulia. Hiyo haikuhitaji intaneti ya mtu. Ilikuwa na laini yake ya simu.

Mkono wa fundi ukashuka kiunoni. Bastola ya Sindano, Glock, ikawahi kidevuni pake.

"Shuka taratibu."

"Mimi fundi tu, dada."

"Fundi gani anafunga spika na bastola kiunoni?"

Walinzi wakamchukua. Spika akaingia, akaketi, akawaomba radhi wageni.

Mlangoni mkewe alimshika Sindano mkono. "Sasa mwanangu, ninunue ipi?"

"Yenye waya, mama."

Aliining'iniza ile ya bure kwenye usukani, imeng'olewa betri, akawasha pikipiki.

"Mkuu, Spika yuko ndani. Spika iko nje."