Wa Polepole Atangulie

Upepo alikuwa tarishi. Kutwa nzima alipeleka barua na vifurushi kutoka ofisi moja hadi nyingine, tena kwa miguu. Jina la Upepo alipewa na wenzake kazini, naye alilipenda kupita kiasi. Hata nyumbani akitumwa chumvi, alirudi kabla sufuria haijachemka, kisha akasimama mlangoni akingoja kusifiwa. Mkewe, ambaye ni msusi, alimwambia mara nyingi kwamba hizo sifa zitamponza. Upepo alicheka tu.

Waliishi katika vyumba viwili ghorofani pamoja na binti yao mdogo na mama yake Upepo. Binti walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi yake alikuwa mkimya. Alishinda dirishani akifuma vitambaa, na mbele yake kulikuwa na ukuta wa jirani, basi. Hamu yake ilikuwa moja tu, na hakuificha: akae kando ya mto, atie miguu kwenye maji yanayotembea.

Nje kidogo ya mji kulikuwa na msitu uliopitiwa na mto. Njia yake ilikuwa tambarare na yenye kivuli. Mwisho wa njia kulikuwa na bwawa dogo la maji maangavu, yasiyopita magoti. Kila mtu aliisifu njia hiyo kuwa ni rahisi. Hapo ndipo Upepo alipokosea, kwa sababu alidhani njia rahisi haihitaji kufikiria.

Jumapili moja wakaenda. Msusi alifunga mkate, Upepo akabeba maji. Bibi alivaa ndala, na hakuna aliyemwambia abadilishe. Getini walimkuta askari wa msitu, mama wa makamo mwenye kofia ya kijani. Aliwauliza ni nani kati yao anayetembea polepole. Upepo akamjibu kwa mzaha kwamba kwao hakuna kobe. Bibi alitabasamu tu.

Wakaingia msituni. Upepo alitangulia, Chiriku akamfuata akiuliza jina la kila ndege, msusi akawa katikati, bibi akabaki nyuma. Kwenye kila kona Upepo alikaa juu ya gogo, akanywa maji, akawasubiri. Bibi akifika tu, huyo anainuka.

"Haya, sote tupo. Twende."

Unayaona mambo hayo? Aliyepumzika ni yule ambaye hakuchoka. Bibi wa watu hakukaa hata mara moja. Hakuomba maji, hakulalamika. Alijikaza kisabuni, maana aliogopa kuwaharibia siku.

Msusi aliliona hilo. Alimwomba mumewe apunguze mwendo, akajibiwa kuwa wamekaribia, wavumilie kidogo. Hakurudia tena kusema, na jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Kona ya mwisho kabla ya bwawa ilikuwa na mawe yenye unyevu. Sauti ya maji ilikuwa inasikika tayari. Miguu ya bibi ilikuwa inatetemeka kwa uchovu. Ndala ikateleza, akaanguka kwa ubavu, nyonga ikavunjika. Chiriku alipiga magoti kando yake, akamshika mkono.

Upepo alikimbia hadi getini. Askari alikuja na wenzake na machela. Alimkuta bibi amelala palepale, amefunikwa kwa khanga ya msusi. Alisema wamefanya vizuri kutomwinua, kwani aliyeumia nyonga hainuliwi ovyo. Ni jambo hilo tu walilofanya vizuri siku ile.

Kesho yake askari alikwenda hospitali kumjulia hali mgonjwa. Alimkuta Upepo kwenye benchi nje ya wodi, akakaa karibu naye.

"Ndugu yangu, pale getini sikuuliza kwa utani," alisema. "Wa polepole ndiye anayetangulia. Wengine wote wanafuata mwendo wake. Na mapumziko yanaanza anapofika wa mwisho. Hayaishii hapo."

"Lakini mama hakusema kama amechoka."

"Wazee wengi hawasemi. Mpe maji kabla hajaomba. Mtazame miguu, usisikilize mdomo tu. Avae viatu vya kufunga, vyenye soli inayoshika. Na miguu ikianza kutetemeka, kaeni, kisha mrudi. Mto hauhami, mtaukuta siku nyingine."

Upepo aliinama. Machozi yalimtoka mbele ya watu, wala hakuyafuta.

Bibi alitibiwa, akapata nafuu, lakini sasa anatembea kwa mkongojo. Daktari amemkataza mwendo mrefu na mahali penye utelezi. Msusi huwasimulia wateja wake mkasa huo huku akiwasuka. Jirani mmoja aliuzingatia, akaenda msituni na baba yake mzee. Mzee alitangulia, wakapumzika kila alipotaka, wakafika bwawani wakicheka. Upepo aliposikia alifurahi, ila moyo ulimchoma.

Naye aliirudisha familia msituni. Bibi alitangulia, amevaa viatu vya kufunga. Upepo alikuwa wa mwisho, amebeba maji ya wote. Walifika kwenye benchi la kwanza, karibu na geti, wakakaa. Mto haukuonekana kutoka pale.

"Mama," Upepo aliuliza, "siku ile kama ningekuacha utangulie, ungefika?"

"Ningefika. Ilibaki kona moja."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe, mwanangu. Ila umeniuliza, nami nimekujibu."

Upepo alimimina maji kwenye kikombe, akampa. Bibi alikunywa taratibu, na hakuna aliyemharakisha. Alipopumzika vya kutosha alishika mkongojo wake, akainuka, akageukia getini. Wakamfuata nyuma, kwa mwendo wake.