Mashahidi wa Murielle

"Murielle haiko hapa. Rudia kwenu," Maman Agnès alisema. Geti alikuwa amelifungua kiasi cha kutoa pua tu.

"Mama, viatu vyake vile pale mlangoni. Vyekundu. Nilimnunulia mimi."

"Basi vichukue, wende navyo."

Tabia hakuvichukua. Alisimama akaitazama ile nyumba ya mtaa wa Bertrams, ya matofali na bati la kijani, ambayo sebule yake ndiyo madhabahu ya Pasta Placide, gereji yake ndiyo ya kwaya, na vyumba viwili vya nyuma, vyenye kufuli kwa nje, ndivyo vya watu wa "kufunguliwa" pepo. Ilikuwa siku ya kumi na moja Murielle yumo ndani.

Miaka mitatu walikuwa wamekaa pamoja katika chumba cha kupanga mtaa wa La Rochelle, katika mji huohuo wa ugenini, Tabia fundi cherehani wa Tanga, na Murielle msusi wa Bukavu. Mchana kutwa Murielle alisuka, na jioni Tabia alimkanda vidole kwa mafuta ya nazi, kimoja kimoja, mpaka maumivu yaishe. Majirani waliwaita mtu na dada yake, nao hawakumsahihisha mtu. Kisha mdomo mmoja ukamfikia Maman Agnès, mama mzazi wa Murielle, naye akampigia bintiye simu kwamba anaumwa, aje amwone. Murielle akanunua machungwa, akaenda. Hakurudi.

Tabia alikuwa anasubiri kuvuka kwenye robot, zile taa za barabarani, njiani kurudi, simu ilipolia. Ujumbe ulitoka kwa namba ya Murielle:

"Nimefunguliwa. Ile pepo ya kupenda wanamuke imetoka. Usinitafute tena."

Taa iligeuka kijani mara mbili, naye bado kasimama.

Nyumbani, juu ya cherehani, vitenge vya sikukuu ya kanisa vilikuwa vimepangwa. Wanawake walewale waliokuwa wakimwombea Murielle achukie hata kucha za Tabia ndio waliompa Tabia vipimo vya viuno vyao, kwa kuwa hakuna aliyejua kuficha tumbo la mtu kwa mshono kama yeye. Akachukua mkasi mkubwa.

Zubeda, jirani yake kutoka Unguja, mtafsiri katika ofisi moja ya ushauri wa sheria pale Newtown, alimkuta kashika kola ya kwanza.

"Unakata nini, mwanangu?"

"Kola zao. Baadaye shingo zao."

"Kata, ufungwe wewe, na Placide apate mahubiri ya mwaka mzima. Kisasi cha mji huu kinataka kalamu. Weka mkasi chini."

Akamkalisha, akamweleza polepole kama anayemenya kitunguu. Sheria yenyewe ya kutaja kwa jina huku kubadilisha watu mapenzi yao, nchi hii bado haijaiandika. Lakini kumfungia mtu mzima mlango ni kosa, kumpiga ni kosa, na hayo ni ya polisi. Kumtesa kwa sababu ya anayempenda ni ubaguzi, na hilo lina Mahakama ya Usawa, ambako fomu haina malipo, wakili si lazima, na hata mtu mwingine anaweza kumshtakia aliyefungiwa. Placide angekuwa daktari, wangempeleka pia kwa baraza linalosajili madaktari.

"Yeye ni mkimbizi. Karatasi zake hazitamponza?" Tabia aliuliza.

"Mtu hapigwi kihalali eti kwa sababu ni mgeni. Andika tarehe. Andika kila kitu."

Kesho yake walikwenda Bertrams na polisi wawili. Murielle aliletwa sebuleni kaogeshwa, kavaa gauni la mama yake, mifupa ya mabega imetokeza. Afisa alimuuliza kama anazuiliwa. Yeye akatazama sakafu.

"Niko hapa kwa kupenda kwangu. Huyu mwanamuke simujui."

Pasta Placide akacheka kwa upole, akawakaribisha polisi chai. Tabia alitoka. "Usiseme neno," alimwambia Zubeda garini. Siku mbili alishona vitenge vya watu wale kwa hasira, mishono iliyonyooka kuliko yote ya maisha yake. Alikuwa ameamua. Fomu angeijaza, mpenzi akitaka asitake. Kama amempoteza Murielle, basi Placide naye apoteze kitu.

Ijumaa simu ikalia kwa namba ngeni.

"Ni miye. Niko na simu ya mama mupishi, usiongee mingi. Siku ya Mungu nitatoa ushuhuda. Ukuje."

"Nije nione unavyonikana mara ya pili?"

"Ukuje, sheri wangu." Simu ikakatika.

Jumapili alikwenda. Alikaa nyuma kabisa, fomu ya mahakama mkobani, kazungukwa na vitenge alivyovishona kwa mikono yake. Katika kanisa lile ushuhuda una kanuni. Aliyepewa maikrofoni hakatizwi, kwa kuwa kumkatiza ni kumkatiza Roho. Kila jambo analosema huwauliza waliokuwapo kama ni kweli, nao hulithibitisha kwa sauti. Na Placide hurusha yote laivu mtandaoni, ili Bukavu na Ulaya nao waone anavyofungua watu.

Murielle akapanda madhabahuni.

"Nilikuja hapa na machungwa, mama aliniambia anagonjwa. Hakukuwa ugonjwa. Mashahidi muko?"

"Tuko!" kanisa liliitika, na Maman Agnès alikuwa wa kwanza.

"Banafunga mulango na kufuli. Siku saba bila chakula. Mashahidi muko?"

"Tuko!"

"Papa Pasta alinipiga na mukanda, banamama bane bananishika. Mashahidi muko?"

"Tuko," walisema, sauti sasa ikiwa nusu. Placide mwenyewe, aliyezoea kusifiwa, alikuwa ameshainua mkono na kusema ndiyo, kwa upendo.

"Banawake wawili bangali mu chumba cha nyuma sasa hivi, batu bazima, banataka kutoka. Tabia, ungenitoa miye peke yangu, batu ba polisi bangeenda, na bo bangebaki. Kwa hiyo nilisema uongo siku ile. Tabia, unisamehe. Papa Pasta, wewe sikusamehe. Mashahidi muko?"

Hakuna aliyeitika. Placide akaikimbilia simu iliyokuwa ikirusha laivu, lakini Zubeda, aliyekuwa akiitazama kutoka ofisini Newtown kama Tabia alivyomwomba, alikuwa amehifadhi kila neno na kuwaita tena polisi. Mara hii walikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye kufuli.

Nje, ukutani, Tabia alimshika Murielle usoni kwa mikono miwili.

"Ulinivunja, unajua?"

"Najua. Nipeleke nyumbani."

Jumatatu walijaza fomu pamoja, Murielle akisema, Tabia akiandika. Jumatano Maman Agnès akagonga mlango wa La Rochelle. Hakuingia. Alieleza kwa muda mrefu kwamba kanisa limefungwa, kwamba watu wa Bukavu wanapiga simu na kumcheka, kwamba Pasta amekubali kuomba msamaha kifamilia ikiwa kesi itaondolewa. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Murielle. Mimi ni mama yako."

"Ndiyo maana jina lako nimeliandikisha la pili katika fomu, mama. La kwanza ni la Pasta."

Akaufunga mlango taratibu, bila kuubamiza, akakaa kitandani. Tabia alimwekea ugali na sombe, kisamvu alichokitwanga mwenyewe, akamtazama anavyomega.

"Hujutii?"

Murielle alitafuna, akameza, akasogeza sahani.

"Nitajuta nikishiba. Ongeza."